Betri ya Nne kwenye Redio ya Papa

Wakati mume wangu akibeba mizigo kwenye milima ya Rubaya, mimi nilibaki kwetu Mweso na watoto, nikichaji simu na betri za majirani. Nilikuwa na paneli ya jua juu ya bati, na chaja niliyoletewa na kaka yangu anayefanya biashara Butembo. Kaka aliiita chaja yenye akili. Kila betri ilikuwa na nafasi yake na alama yake kwenye kioo kidogo, kwa hiyo niliweza kuchaji chapa yoyote pamoja na nyingine. Iliyokufa, chaja iliikataa.

"Lakini sikia, dada," kaka aliniambia juu ya betri, alizoziita pile. "Mu chargeur unaweza changanya. Mu redio ao mu tochi, hapana. Pile moja ikiwa zaifu, inaua zote."

Nilimjibu kwamba nimesikia.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mzee mmoja kipofu. Sote tulimwita Papa. Alikuwa mkulima, na macho yake yalizimika kidogo kidogo akiwa bado analima maharagwe. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alishinda mlangoni na redio yake, na watu waendao shambani walipita kwake kwanza kuuliza kama njia ni salama. Akisema nendeni, walikwenda.

Redio hiyo ilitumia betri nne za chapa moja. Asubuhi moja chaja ikaikataa mojawapo. Papa alikuwa amekaa kwenye benchi langu akingoja, na mimi sikupenda arudi nyumbani na redio bubu. Nikatoa betri kwenye tochi yangu, ya chapa nyingine, iliyozeeka, nikaichaji. Kioo kikaonyesha imejaa. Nilijua imejaa kama kikombe kinavyojaa kando ya ndoo. Nikampa.

"Aksanti, mwanangu," akasema.

Kesho yake mchana redio ilitangaza kwamba wapiganaji wanashuka kuelekea Mweso, kisha ikakatika. Papa akaipigapiga. Kimya. Akawaambia waliokuwa karibu maneno aliyoyasikia, hakuongeza lake. Muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa njiani na magodoro na sufuria, tukielekea Kitshanga kwenye mvua. Jirani yangu, aliyekuwa mjamzito, aliteleza akaanguka kwenye matope. Alijifungua kabla ya wakati, kando ya barabara, tukiwa tumemzunguka na vitenge. Mtoto hakuishi.

Huko Kitshanga wenye redio walitueleza taarifa ile yote. Wapiganaji walikuwa wamegeukia mlima mwingine, hawakufika kwetu. Tuliporudi tulikuta wezi wamevunja milango na kuchukua mbuzi.

Lawama zote zilimwangukia Papa. Walisema anaota mchana, walisema uzee umemharibu. Siku ya kilio cha yule mtoto nilisimama mbele ya wanawake wenzangu nikawaambia ilikuwa betri yangu, kwamba kaka alinionya, na kwamba bila hiyo Papa angesikia mpaka mwisho. Walinitazama kwa huruma.

"Mama, usijibebeshe ya wengine," mmoja akasema. "Pile haisemi. Ni yeye njo alisema."

Nikaenda kwa Papa, nikamweleza pia.

"Nilisikia nusu," akasema. "Ningengojea nusu ingine ikuje na masasi ya bunduki?"

Alisema hivyo kunitua mzigo, nadhani, lakini nilitoka pale ukiwa umeongezeka. Nilimwagiza kaka betri nne mpya, za chapa moja, nikampelekea Papa. Redio ikasema kutwa nzima na hakuna aliyesimama kuuliza. Watu walipita upande wa pili wa njia. Baada ya muda Papa akapunguza sauti, akawa anasikiliza peke yake, redio imebanwa sikioni.

Msimu wa mahindi ulikuwa umepita alipokuja kwangu asubuhi, akipapasa uzio kwa fimbo.

"Sasa wanakuja kweli," akaniambia. "Nimesikia mpaka mwisho. Ambia watu wewe. Mimi hawatanisikia."

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Waliponiuliza nimejuaje, nilisema nimesikia ku redio. Sikusema redio ya nani. Niliogopa wakijua wangebaki. Waliondoka wote, na sisi nyuma yao, Papa ameshika bega langu. Tulikuwa tumeshapanda mlima tuliposikia milio ya kwanza ya risasi chini kwetu.

Tulipofika karibu na Mubambiro tulipewa nafasi ndani ya kanisa. Yule jirani aliyempoteza mtoto alikuja akanishika mikono yote miwili.

"Umetuokoa, Mama," akasema.

Papa alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka, akisikia kila neno. Nilitaka kusema ni Papa, lakini yule mama alikuwa ameshageuka kuwatazama wanawe.

Kesho yake nilimfuata bombani nikamwambia: ni Papa aliyesikia, mimi nilitumwa tu. Aliweka chini bidoni lake, dumu la maji. Akamtazama mzee, aliyekuwa ukutani akiota jua.

"Hata kama," akasema. "Wewe njo ulikuja ku mulango yangu."

Akachota maji yake akaenda. Wanawake wengine kwenye foleni walinisogezea nafasi nichote mbele yao, kwa heshima, nami nikajaza bidoni la Papa kwanza. Hakuna aliyeniuliza ni la nani.