Wali Alioupika Shangazi

Harufu ya wali uliopaliwa makaa juu ya mfuniko huwafanya wenzangu wameze mate. Mimi inanipandisha hasira. Inanirudisha nyumbani kwetu Mkula, msimu wa mavuno nilipokuwa darasa la tatu, uwanja mzima umeanikwa mpunga na sisi watoto tunafukuza kuku huku miguu ikituwasha kwa makapi. Msimu huo kaka yangu alipokea komunyo ya kwanza, na mama alijiandaa kuwapikia wageni mwenyewe: wali wa nazi na kambare wa kukaushwa, aliyeungwa kwa karanga. Mama ni Msukuma. Wazazi wake walihamia huku bondeni kwetu na ng'ombe wao. Baba ni Mndamba, na dada yake, shangazi yangu wa Ifakara, hakuwahi kuikubali ndoa ile. Asubuhi ya sherehe aliingia jikoni, akajifunga kanga kiunoni, akamnyang'anya mama mwiko mbele ya majirani. "Wifi, leo kuna wageni wa maana. Wewe osha vyombo. Wali hausongwi kama ugali wenu wa wachunga ng'ombe." Wanawake wakacheka. Mama akainamia beseni. Nilikuwa pembeni namenya karanga, nikauona uso wake, nikaapa moyoni kutoisahau siku ile.

Mchele ulikuwa wa shamba letu, umekobolewa juzi yake tu. Mchele mpya hautaki maji mengi, hapa kwetu hata mtoto anajua. Lakini shangazi alishazoea ule wa dukani, uliokaa ghalani mpaka ukakauka, akamimina maji kama anavyomimina kwake. Mama akainua kichwa. "Wifi, punguza maji, huo ni mpya."

"Nyamaza! Utanifundisha wali mimi, niliyezaliwa kwenye majaruba ya mpunga?"

Mfuniko ulipofunuliwa, ndani ni bokoboko tupu. Mzee mmoja wa jumuiya, sahani mkononi, akachungulia sufuria. "Mama, huu tunakula au tunakunywa?" Watu wakaangua kicheko. Shangazi akamnyooshea mama kidole. "Muulizeni wifi, ndiye aliyenipa mchele wa ajabu!" Hapo mimi, mtoto ambaye hata shikamoo nilikuwa naitoa kwa kunong'ona, nikaisikia sauti yangu: "Shangazi, mama alikwambia ni mpya. Ukamwambia anyamaze." Baba alinikazia macho, lakini hakunikaripia. Shangazi alijificha nyuma ya nyumba mpaka bajaji ikaja kumchukua. Utamu wa dakika ile sijauonja tena kwenye chakula chochote.

Sasa niko kidato cha tatu, na nyumbani wali napika mimi, unachambuka punje moja moja. Wale wale waliocheka siku ile ndio wanaomwita mama asimamie masufuria ya harusi zao. Mama anasema yamekwisha. Kwangu bado, maana shangazi hajamwomba msamaha hata kwa utani. Jumapili iliyopita alikuja, akala, akalamba vidole. "Mwanangu, nani kakufundisha kupika hivi?"

"Mama," nikasema kwa nguvu, nikamtazama usoni, nikangoja. Mama naye aliacha kutafuna. Neno moja tu lingetosha, tena si kwangu, kwa mama. Shangazi akasukuma sahani yake mbele. "Basi niongeze kidogo."

Nikamwambia umeisha. Haukuwa umeisha.