Siku Cassien Alipotamka Jina Lake Vizuri

Mimi ndiye niliyemsukuma, nisimsingizie mtu. Mume wangu Cassien alikuwa ameishi na kigugumizi chake miaka thelathini na minne bila kumlalamikia yeyote. Kazi yake haikudai maneno: alipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji mjini, na herufi hazimuulizi mtu habari za asubuhi. Mwenye mdomo ni mimi, Spès. Nimezaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako mtoto anajua kugombana kabla hajajua kutembea. Tukienda kwa watu, mimi nasema, yeye anatabasamu. Tulikuwa tumezoea hivyo.

Kisha vita vikaanza kaskazini, mwezi wa kumi wa mwaka wa tisini, na pale Nyabugogo askari wakaweka bariyeri, kizuizi cha kukagulia wapitao. Sisi tunakaa Gatsata. Huendi mjini bila kupita pale. Unapanga foleni, unatoa kitambulisho, unaulizwa jina lako, unatoka wapi, unakwenda wapi. Na kitambulisho cha Cassien, kwa kabila lililoandikwa ndani yake, kilikuwa cha wale wanaotazamwa mara mbili. Sasa mwambie mtu wa kigugumizi ataje jina lake mbele ya bunduki! Maneno mengine yalikuwa na nafuu, lakini jina lake mwenyewe, weee, lilimnyonga. "Ka-ka-ka-ka," mpaka mishipa ya shingo inasimama. Siku ya kwanza walimweka kando saa nne nzima, ati anatunga uongo. Mwenzake mmoja wa kiwandani aliwekwa kando vivyo hivyo, na mpaka sasa mkewe anazunguka na chakula akiuliza yuko jela gani.

Cassien alipona kwa sababu koplo mmoja alimwona kichekesho. Akambatiza Kakaka. Kila asubuhi ni, "Haya Kakaka, imba!" Cassien anajitahidi, wanacheka, anapita. Mimi niko nyuma yake na kapu langu la vitenge vya kuuza, hasira imenijaa. Nilikuwa najiuliza: koplo huyu akihamishwa, akaja mwingine asiyependa kucheka, mume wangu ataishia wapi?

Ndipo jirani yetu Athanasie akaniambia habari za Évode, mtaalamu wa kunyoosha viungo. Athanasie alikuwa amepooza upande wa uso, mdomo ukapinda, na Évode alimnyoosha kwa mashine ya umeme mdogo katika kliniki moja ya Remera. Nikamburuta Cassien huko. Évode hakunidanganya. "Mama, kwa kigugumizi sijawahi," alisema. "Nilisikia kwa mwalimu wangu kwamba kuna waganga wanajaribu kupitisha umeme hafifu juu ya kichwa, bila kupasua, bila sindano, mgonjwa akisoma kwa sauti. Siahidi kitu."

Mungu wangu, umeme kichwani! Nilitaka tutoke mbio. Lakini nikaifikiria bariyeri, nikabaki nimekaa. Cassien akanitazama, akasema, "Ha-ha-haya."

Évode alilowesha sponji mbili kwa maji ya chumvi, moja akaiweka juu ya sikio la kushoto, nyingine kwenye paji la uso, akafunga kwa mpira. Cassien akasema anasikia kama sisimizi wanatembea. Kisha wakasoma Zaburi pamoja, sauti mbili, polepole, Évode akigonga meza kwa kalamu. Mimi nilikaa na rozari mkononi nikimtazama mume wangu macho, kama yatageuka.

Tulikwenda hivyo kila Jumamosi. Jumamosi ya tisa, tukiwa tumerudi nyumbani tunakula, Cassien akasema, "Mama Mukunde, chumvi imezidi leo." Hivyo hivyo, moja kwa moja, bila kukwama! Niliweka sahani chini nikalia kwa sauti. Yeye akadhani amenikosea, akaanza kuusifu mchuzi. Kama ni umeme, kama ni kule kusoma wawili, sijui, na Évode naye alisema hajui.

Jumatatu tukafika Nyabugogo. "Haya Kakaka, imba!"

"Ninaitwa Cassien Nkusi," mume wangu akasema. "Ninatoka Gatsata, ninakwenda kazini." Alivyonyoosha mgongo! Hakuna aliyecheka.

Koplo akachukua kitambulisho, akatazama picha, akamtazama yeye. "Kakaka hawezi kusema. Wewe umeitoa wapi kadi hii?"

"Ni mimi, shefu. Nimetibiwa."

"Kigugumizi kinatibiwa?" Koplo akawageukia wenzake. "Basi ni yeye, na siku zote hizi alikuwa anatuchezea. Mpelelezi huyu." Pembeni kulikuwa na gari, na ndani yake wanaume watatu walikuwa wameketi tayari, vichwa chini. "Panda," akamwambia.

Sijui nilipenyaje mpaka mbele. "Shefu, msamehe mjinga huyu! Amekariri hayo maneno machache wiki nzima kama kasuku, ametuchosha nyumbani! Muulize kitu kingine uone!"

Koplo akamgeukia Cassien. "Mkeo anaitwa nani?"

Cassien akanitazama. Nilijua ameelewa ninachomwomba, na niliona aibu mbele yake. "S-s-s-spè," akasema. "Spè-spè-spè..." Wakaangua kicheko. Koplo akamrudishia kadi, akampiga kofi la mgongoni. "Pita, Kakaka."

Wiki hiyo akapita kwa kuigiza. Jumamosi hatukwenda Remera. Nilifunga mlango, mimi nikawa koplo, yeye akasimama mbele ya meza.

"Jina lako?"

"Ka-ka-Cassien."

"Hapana, Baba Mukunde. Hiyo ya kuigiza, watakujua. Shingo haijasimama. Rudia."

Akarudia. Nikamwambia bado. Akarudia tena na tena, nami namfokea kama askari kweli, kwa sababu niliogopa mno. Mara ya kumi hivi mishipa ikasimama, jasho likamtoka, jina likagoma kabisa.

"Hapo sasa!" nikasema. "Hiyo hata mimi naiamini. Basi, imetosha, njoo tule."

Alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alitaka kunijibu. "Ni-ni-ni-ni," akaanza, na macho yake yakanitafuta, nikaona kwamba haigizi tena, haachi kwa sababu hawezi kuacha.