Kigoda cha Bibi Konsolata

Nakumbuka vizuri sana, mwanangu, siku niliyokalia kitu nisichokijua. Juzi ulipoweka spika ya redio juu ya kigoda chetu ukasema, "Babu, si kistuli tu hiki," nilicheka mpaka meno yangu mawili yaliyobaki yakataka kuhama. Hebu nikusimulie.

Nilikuwa kijana wa Titye, nimehitimu darasa la jioni la watu wazima, na kwa nilivyojiona, ungedhani jua haliwezi kuchomoza Kasulu mpaka nifunge tai. Nikampenda Domitila, binti wa familia iliyotoka Burundi. Barua ya posa niliiandika mwenyewe, na ndani yake nikajiita karani wa serikali. Karani! Mimi niliyekuwa nafyatua matofali, matope mpaka kwenye nyusi.

Jumapili baada ya misa tukaenda kwao, mimi na mshenga wangu, Mzee Filimoni. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma. Karibu na mlango kulikuwa na kigoda: kifupi, miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja bila msumari, katikati kimebonyea na kung'aa kwa kukaliwa. Nikajisemea, mposaji hutakiwa unyenyekevu. Ngoja nikalie cha chini kuliko vyote, wanisifu. Nikakaa. Magoti yakanifika masikioni.

Nakwambia hata kuku wa uani waliacha kuparua.

"Inuka, we kijana!" Mzee Filimoni akaninong'oneza. "Inuka!"

"Mwache." Alikuwa Bibi Konsolata, bibi yake Domitila, akiingia na mkongojo wake, akanisalimu kwa Kirundi chao. "Mwakeye, mwanangu. Unajua umekalia nini?"

"Kiti, bibi."

"Viti ni vile." Akanyooshea makochi mkongojo. "Hiki ni kigoda. Alikichonga baba yangu. Nilivuka nacho mpaka wa Burundi kikiwa kichwani, mtoto mgongoni, chungu nikakiacha kinachemka. Kwetu hakikaliwi kwa kupumzika. Hukikalia anayempa mtoto jina, na anayeamua ugomvi wa ndugu. Aliyekaa hapo husema kweli, ndipo anainuka. Wewe umeshakaa. Haya, sema."

Mwanangu, ubaridi ulinipanda kutoka kwenye ule mti. Nilikuwa nimekaa ndani ya bonyeo lililochimbwa na watu ambao wengi wao walikwisha kuzikwa, ng'ambo na huku, na nilihisi wote wamesimama chumbani wananingoja. Barua yangu ilikuwa mkononi mwa baba yake Domitila. Nilijaribu kuanza na habari za mvua; ulimi ukagoma.

"Mimi si karani," nikasema. "Nafyatua matofali. Kusoma nimejifunza ukubwani. Domitila mwenyewe hajui. Mkinikataa, basi mnikatae mimi huyu, siyo yule wa kwenye barua."

Domitila akajifunika uso kwa kitenge. Baba yake akaikunja barua, akaikunja tena, mpaka ikawa kama kidonge. Mzee Filimoni akawa anautazama mlango, anapima hatua.

Bibi alinikazia macho kwa muda mrefu kama Kwaresima nzima. "Hayo matofali yako," akasema, "ukiyachoma yanaiva, au yanapasuka?"

"Mengine yanapasuka, bibi."

Akacheka mpaka mkongojo ukamtoka. "Mnamsikia? Bado yuko kwenye kigoda! Karani angesema yote yanaiva." Akaninyooshea mkono, nikainuka. "Haya, sasa kakae kwenye kochi, mkwe wetu."

Ndicho hicho, mwanangu, alichotuachia Bibi Konsolata, nawe ukakigeuza meza ya spika. Mimi hutia chumvi kila mahali, sokoni, kanisani, hata mbele ya daktari. Pale juu, sijathubutu hata punje. Basi lishike jina lake: kigoda. Ukikikuta kwenye nyumba ya watu, uliza ni cha nani kabla hujashuka kukikalia. Ukishakaa, anayeonekana awe ni wewe mwenyewe.

Wiki ijayo unakwenda kuposa Kasanda, na nimesikia unavyowaeleza watu kuhusu hiyo kazi yako. Leo utakikalia mbele yangu kwanza. Mungu akupe magoti ya kufika pale chini, akupe ulimi wa kukuinua, na huko uendako akupe bibi mwenye kicheko kama kile.

Haya, toa hiyo spika.