Koti la Kijivu na Maneno Kumi na Mawili

“Maneno yangu ya siri siyatoi! Hata ukipiga magoti hapo mpaka sakafu iote majani!” Fundi aliubamiza mkasi mezani, vifungo vikaruka kama bisi.

“Dada, kufuli lako limezeeka,” alisema mdogo wake, mtengenezaji wa kompyuta. “Sarafu zako za mtandaoni ziko kwenye anwani uliyowahi kuitumia, na ufunguo wake wa wazi anauona kila mtu. Kompyuta za leo haziwezi kuutumia kupata ule wa siri. Zile mpya za kwantamu, zenye nguvu kupita hizi, zikikomaa, zitaweza. Tuzihamishe sarafu leo kwenye anwani mpya.”

“Zimeshakomaa?”

“Bado.”

“Basi niache nishone.”

“Unashona nini na huoni? Juzi umemshonea mzee wa watu mkono wa shati kiunoni!”

Hilo lilimchoma. Huyu ndiye fundi aliyekuwa akitunga uzi gizani huku anapiga chafya. Nzi walikuwa wakitua mezani kwake wapimwe suti. Sasa macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Wiki ijayo anapasuliwa, na gharama yote ni sarafu hizo hizo. Zikipotea, cherehani ndiyo basi tena. Na simu iliyokuwa na pochi ya sarafu hizo ilikufa zamani. Bila maneno kumi na mawili ya siri ya kuifungua upya pochi hiyo, hata mwenyewe hazifikii.

Akaketi, sauti ikashuka. “Hayako kwenye karatasi. Karatasi humu huishia kukatiwa vipimo vya kola. Niliyadarizi.”

“Uliyadarizi wapi?”

“Ndani ya bitana. Lile koti la kijivu la mteja aliyelitelekeza miaka minne. Nani angepekua koti la mtu aliyesahau hata kulivaa?”

Mdogo wake alicheka mpaka akashika ukuta. “Wenzio wana sanduku la chuma, wewe benki yako ina kola!”

“Cheka, ukimaliza ulilete.”

Lakini alinyanyuka mwenyewe. Aliipapasa nguo moja moja kwenye fimbo, maana vidole vyake vilijua kila kitambaa: sufu, kaki, kitani. Kitundikio cha mwisho kilikuwa kitupu. Akakipapasa tena, mara tatu, kana kwamba koti lingechipua.

“Baba Pacha! Koti la kijivu liko wapi?”

Mumewe akatoka chumba cha nyuma na pasi mkononi, uso umemkunjuka. “Mwenyewe alikuja jana ulipokwenda kwa daktari. Nilimpigia pasi likang’aa! Ila bitana ilikuwa na vinundu vinundu, nikamshauri aifumue, tumwekee mpya.”

Fundi aliishika meza. “Akasemaje?”

“Akasema mkasi anao nyumbani.”

Hakuna aliyecheka sasa.

“Namfuata,” Fundi akasema, anatafuta viatu kwa mguu.

“Utamwambia nini, dada? Akiyasoma na akajua ni nini, atazichukua sarafu leo leo; kompyuta ya kwantamu ya kazi gani tena?”

“Shemeji, tumwambie kitambaa kina sumu,” mume alinong’ona.

“Wewe nyamaza! Umenipigia pasi macho yangu! Nitamwambia kwamba—”

Mlango ukasukumwa. Mteja aliingia, koti la kijivu begani, nusu ya bitana ikining’inia, midomo yake ikisoma polepole maneno ya nyuzi nyekundu.

“Fundi,” alisema, “hebu nieleze.”