Kitabu cha Nusu Karatasi

Kaka yangu alipotaka kuoa, mimi nilikuwa nimepanga chumba Majengo na nilikuwa mpiga chapa kwenye steshenari moja pale mjini Moshi. Kompyuta ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Mama mwenye duka alikuwa amenunua moja iliyokwisha kutumika, pamoja na printa yake, akaiweka nyuma ya kaunta na kuifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Nilijifunza kuitumia mwenyewe, kwa kukosea. Nilikuwa naandika barua za kuomba kazi, risala za mahafali, matangazo ya nyumba za kupangisha. Niliringa nayo, na sioni kwa nini nisingeringa.

Baba hakuiona kuwa ni kazi. Kwake kazi ilikuwa kahawa, migomba na ng'ombe, au ukisoma sana basi ualimu. Kila nilipopanda nyumbani Kirua Vunjo mwisho wa wiki aliniuliza, "Bado unabonyezabonyeza?" Nikasema ndiyo baba, nikainama kufungua kamba za viatu ili asiuone uso wangu. Mama naye alikuwa ameanza kuumwa kiuno, na majani ya ng'ombe kwetu yanafuatwa mbali, bondeni, halafu yanapandishwa mlima kichwani. Baba akakata shauri kwamba harusi ya kaka ikiisha nitarudi nyumbani. Nasema kweli, siyaogopi majani, nimekua nayo. Nilichoogopa ni kurudi kwa kuvutwa, kama mbuzi aliyekata kamba akakamatwa shambani kwa jirani.

Kamati ya harusi ilikutana kwetu, na mwenyekiti wake alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Huyu mzee alikuwa amehudhuria harusi moja ya watu wa maana, ambako kila aliyeingia kanisani alipewa kijitabu cha Misa cha ukubwa wa nusu karatasi, kimekunjwa katikati, nyimbo zote ndani. Basi na yeye alikitaka. Akasema kitapelekwa kwenye kiwanda cha uchapaji Arusha. Mimi nilikuwa nazunguka na kata nikiwagawia mbege, pombe yetu ya ndizi, na hakuna aliyeniuliza kitu.

"Hicho hata mimi nachapa," nikasema.

Wakacheka. Mdomo huponza kichwa, na changu kimeponzwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Baba peke yake hakucheka. Aliweka kata yake chini, akasema polepole, "Sawa, achape. Akiweza, abaki huko huko mjini na sitamwuliza tena. Akishindwa, Jumatatu baada ya harusi ashike panga aende bondeni na mama yake." Wazee wakaitikia. Kwetu neno likisemwa mbele ya mbege na wakubwa wakaliitikia, limekwisha kuwa neno.

Wiki ya harusi mwenye duka alikuwa Tanga kwenye msiba, mimi ndiye niliyebaki na ufunguo. Umeme ulikuwa wa mgao, tunaupata asubuhi, mchana unakatika. Nikaona mambo ni mepesi. Nililaza karatasi kwenye kompyuta, yaani upana ukawa mkubwa kuliko urefu, nikaigawa safu mbili, nikaandika Misa yote kuanzia maandamano ya kuingia mpaka baraka ya mwisho. Kurasa nane. Nikachapa, nikakunja, nikafungua kwa furaha zangu.

Jamani. Bibi harusi alikuwa anatoka kanisani kabla hajaingia. Ukifunua jalada unakutana na matoleo, ukigeuza unakuta somo la kwanza, na viapo vya ndoa vilikuwa nyuma kabisa, baada ya padri kuaga watu. Nilikaa kwenye kile kiti nikaona panga, nikaona bonde, nikamwona baba anakohoa bila kuniangalia.

Nilipomaliza kujionea huruma nilichukua karatasi mbili tupu, nikazikunja pamoja kama kitabu, nikaandika namba za kurasa kwa penseli, moja hadi nane, kama mtoto wa chekechea. Kisha nikazikunjua. Kumbe ukurasa wa kwanza unakaa bega kwa bega na wa nane. Wa pili uko mgongoni mwa wa kwanza, na jirani yake ni wa saba. Kitabu hakichapwi kinavyosomwa, kinachapwa kinavyokunjwa. Hakuna aliyenifundisha hilo, na mpaka leo likinijia nacheka peke yangu. Nikahamisha maneno, safu kwa safu, kila ukurasa nikaupeleka kwa jirani yake wa kweli, nikapunguza herufi za nyimbo ndefu zisimwagikie safu ya pili.

Mfuatano ukakaa. Lakini upande wa pili ukatoka kichwa chini, miguu juu. Unasoma wimbo wa mwanzo vizuri, ukifunua, neno la Mungu limepinduka. Nikageuza karatasi kwa kushoto, likapinduka. Nikageuza kwa kulia, likapinduka. Nikailaumu printa. Nikalaumu mgao. Nikamlaumu hata kaka, kwani alikuwa na haraka gani ya kuoa? Kila jaribio lilitoka vilevile, na karatasi zilizoharibika zikanijaa miguuni, na harusi ilikuwa kesho yake.

Saa nne asubuhi baba mkubwa akatokea mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ameshuka mjini kuchukua suti yake kwa fundi, akapitia kukagua.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Kiko wapi?"

Sikuwa na kitu cha kumwonyesha isipokuwa karatasi iliyotoka vizuri upande mmoja. Nikaiokota, nikaisoma haraka kuhakikisha haina kosa, nikampa. Nilimpa kama tulivyolelewa, kwa mikono miwili na goti limelegea kidogo, na kabla haijamfikia niliizungusha ili maandishi yamwelekee yeye. Nyumbani kwetu mkubwa hapewi kitu kimegeuka. Kikombe unampa mkono wa kikombe ukiwa upande wake, kisu unampa mpini, karatasi unampa maandishi yakimwelekea yeye. Mama alitupiga vibao vya mikono mpaka ikawa mikono yenyewe inajua bila kuulizwa.

Nikaitazama mikono yangu hapo hewani.

Ndivyo nilivyokuwa naihudumia printa. Naichukua karatasi, naikagua, naigeuza, na pale mdomoni mwa mashine mikono inaizungusha kwa adabu, kama vile ile mashine ni mzee amekaa mbele yangu anataka kusoma. Nilikuwa namwamkia chuma. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na changu kilikuwa kwenye vidole.

Nilianza kucheka, na baba mkubwa akaniuliza kama naumwa. Nikamwomba karatasi yake. Akanirudishia, nami nikaigeuza na kuiingiza bila kuizungusha, kwa ujeuri kabisa, mkono mmoja. Ilikuwa vigumu kuliko mnavyofikiri, maana kidole gumba kilikuwa kinataka kuzunguka chenyewe. Printa ikaguna, ikaivuta. Karatasi ikatoka, na ya pili nikaifanya vivyo hivyo. Nikazikunja pamoja mbele yake, nikamfunulia: juu kuko juu, chini kuko chini, na viapo vipo katikati kama inavyopaswa.

Mzee alitoa miwani. Alisoma kutoka mwanzo, midomo ikicheza, akageuza, akasoma tena. "Hiki ni kitabu," alisema. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema hatoki hapo mpaka aone vingine, na suti ikamsubiri kwa fundi.

Tulishindana na umeme. Mimi nachapa, yeye anakunja, kila mkunjo anaupitishia kucha ya kidole gumba hadi ukae. Tulimaliza umeme ukiwa bado upo, nikaizima kompyuta mwenyewe kwa hiari yangu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mgao uanze. Ikabaki kufunga. Stepla yetu ilikuwa fupi, haifiki katikati ya karatasi, nikavua kandambili, nikaitandika mezani, nikafungua stepla na kuvipiga vitabu juu yake, pini zinazama kwenye mpira. Baba mkubwa akawa anaving'oa taratibu na kuzikunja pini kwa mgongo wa kijiko cha chai. Mwenyekiti wa kamati nzima, na kijiko. Kila kilichokamilika alikiweka kwenye boksi na kusema "aika," asante kwa Kichagga, sijui alikuwa anamwambia nani.

Asubuhi ya harusi nilikaa kanisani benchi la nyuma, karibu na mlango, nikiwa na gauni la kushonesha. Watu walikuwa wanaingia wanapewa vitabu. Wengine wakavinusa. Baba alikuwa mbele, nikiona kisogo chake tu na mkono ulioshika kitabu mbali na uso kama wasomavyo wenye macho ya uzee. Wimbo wa mwanzo ukaimbwa. Ubeti wa mwisho wa ukurasa ukafika, nami nikafumba macho.

Nikasikia kanisa zima linageuza ukurasa. Watu wote pamoja, mlio mmoja, kisha sauti zikaendelea palepale zilipoishia bila mtu kutafuta. Mimi si mtu wa kulia kanisani. Nililia. Na kila ukurasa ulipogeuzwa nilitaka kusimama kwenye benchi niwaambie hiyo ni kazi yangu, hiyo mnayogeuza, ni mimi.

Baada ya Misa tukaenda nyumbani, kwenye maturubai kati ya migomba. Ndafu akaletwa, mbuzi mzima wa kuchomwa na majani mdomoni, akakatwa, watu wakalishana. Ikafika zamu ya baba kutambulisha familia. Tulisimama watoto wote kwa mstari, na mimi namjua anavyotutambulisha: kaka mkubwa ni mwalimu, wa pili yuko kwenye magari, bwana harusi mnamwona, na huyu ni wa mwisho. Mimi huwa ni wa mwisho tu, na hapo kipaza sauti kinahama.

Baba mkubwa alikuwa ameketi meza ya mbele, kitabu kimechomoza kwenye mfuko wa suti mpya. Alimtazama tu mdogo wake.

Baba akafika kwangu, akakohoa. Nikaona anaivuta ile kauli kutoka mbali.

"Huyu ni binti yangu," akasema. "Ni mchapaji wa vitabu. Anakaa Moshi."

Kwa hiyo imekwisha, nikawaza, imesemwa mbele ya watu. Nilitaka kupiga kelele. Aliyetangulia kupiga vigelegele alikuwa mama, na alivipiga kwa muda mrefu, mkono mmoja ukiwa umeshika kiuno.