Ndoo ya Maji ya Samaki

Tangu biashara iwe huria, kila duka hapa Lushoto linatafuta kioja chake. Kijana mmoja ameweka kwenye kaunta sanduku la kioo lenye samaki wekundu, na kimashine cha kuchujia maji kinachonguruma mchana kutwa. Watu wanakuja kushangaa samaki, kisha wananunua kiberiti na kuondoka.

Juzi nilimkuta akikamulia sponji ya mashine kwenye ndoo. Maji yalikuwa meusi. Alipotaka kuyamwaga barabarani, mama mmoja akaidaka ndoo. Miche yake ya kabichi nyuma ya duka ilikuwa inanyauka, na zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa bado.

"Shikamoo mama. Haya ni mavi ya samaki."

"Marahaba. Na ya ng'ombe ninayobeba kutoka Kwai ni manukato? Umetia sabuni?"

"Sijatia."

"Basi nipe."

Kijana akaivuta ndoo kwake. "Kumbe ni mbolea! Tuelewane bei kwanza."

Mama akaiachia, akakaza kanga yake. "Haya, uza. Iweke hapo mlangoni wanunuzi wainuse."

Kijana akatutazama wateja tuliokwisha kuziba pua. Akaibeba ndoo mwenyewe mpaka kitaluni, mama nyuma yake akiamrisha: "Taratibu! Mwagia shinani, siyo majani!"

Tunaambiwa soko huria ni kila mtu kuuza apendacho. Sawa. Ila mwenye bidhaa inayonuka na mnunuzi mmoja tu, ajiandae kumpelekea mpaka shambani.