Mwalimu wa Mizani

"Mbona watu wanakuita Mwalimu na wewe unapima samaki?" Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tano, hapo ufuoni Sori. Alicheka tu, akatundika mbuta mwingine kwenye mizani. Kilo huziandika kwa chaki ubavuni mwa sanduku la barafu, kwa mwandiko wa ubaoni. Wamama wakimtania, "Mwalimu, huyu mdogo amepita mtihani?" yeye humgeukia samaki: "Wewe rudia darasa." Lakini kengele ya shule yetu ikilia, mikono yake husimama kidogo. Juzi, sasa niko kidato cha tatu, nilimuuliza tena.

"Mbuta walikuwa na pesa, nyathina, mwanangu. Nilitoka darasani muhula mmoja tu. Niliporudi, nilikuta watoto wangu wamesimama, wanamwamkia mwalimu mwingine."